Farasi huyu hakulala hapa

Kosa langu la kwanza katika sataranji nililifanya kwa kitambaa cha vumbi. Nilikuwa darasa la tano, naishi kwa mjomba Tanga, na kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kupangusa kabati la vyombo. Juu ya kabati, ubavuni mwa redio, palikaa ubao wa sataranji na kete zake zimesimama katikati ya vita. Mjomba na jirani yetu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, walikuwa wakicheza baada ya isha. Kahawa ikiisha, au mmoja akianza kusinzia, waliuacha ubao ulivyo na kuendelea kesho yake. Mimi nikaziinua kete moja moja, nikapangusa, nikazirudisha kwa kukisia. Usiku ule Mwalimu akaketi, akautazama ubao muda mrefu, akakohoa.

"Farasi huyu hakulala hapa."

"Mwalimu, unanituhumu mimi?" mjomba akauliza.

"Wewe sikutuhumu, bwana. Namtuhumu farasi."

Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na sikufungua mdomo. Wazee wale hawakusemezana siku nne. Siku ya tano Mwalimu alirudi na karatasi ya daftari na bahasha ya kaki. Tangu hapo kila walipoahirisha mchezo waliandika kila kete ilipo, kisha yule ambaye zamu ni yake akaandika mwendo wake kwa siri, akaufunga ndani ya bahasha, na bahasha ikakabidhiwa kwa mkaza mjomba, ambaye aliitia ndani ya kopo la majani ya chai. "Ndivyo wanavyofanya Warusi," Mwalimu alisema, na mjomba akaitikia kwa kichwa kana kwamba kesi imekwisha.

Nilidhani anatania. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mzee yule alikuwa anasema kweli tupu, na kwamba kwa muda mrefu wa karne iliyopita ubingwa wa dunia ulikuwa unalala usiku kucha ndani ya bahasha kama ile, isipokuwa kopo lilikuwa kabati la mwamuzi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Kila mchezaji alipewa saa mbili na nusu za kucheza miendo yake 40 ya kwanza. Ukijumlisha za wote wawili unapata saa tano, na mtu mwenye akili timamu baada ya saa tano za sataranji hana akili timamu tena. Basi mchezo unaahirishwa. Lakini hapo pana tatizo: ukimwacha mwenye zamu aende nyumbani bila kucheza, atapata usiku mzima wa kuuwaza mwendo mmoja. Ukimwacha acheze waziwazi, mwenzake ndiye atakayepata usiku huo. Dawa ikawa bahasha. Mwenye zamu anaandika mwendo wake bila kuusogeza ubaoni, anafunga, mwamuzi anahifadhi, na wote wawili wanaondoka, mmoja akijua ameandika nini na mwingine akibahatisha. Ukiandika vibaya, mwendo usiosomeka au usiowezekana, bahasha ikifunguliwa umeshapoteza mchezo.

Halafu unakuja usiku, na ndio ninaotaka kuuzungumzia hapa. Maana usiku ule haukuwa na sheria. Mezani huruhusiwi hata kunong'ona na mtu, lakini mchezo ukiahirishwa unaweza kukaa na wasaidizi wako, na rafiki zako, na timu nzima ya taifa, mkaupasua mkao ule hadi alfajiri. Wapenzi wengi wa sataranji huulizana nani alikuwa mkali zaidi kati ya wakali wa Kisovieti wa zamani, Botvinnik, Smyslov, Tal na Keres. Mimi huwa najiuliza walilala saa ngapi.

Chukua mwaka 1951, Moscow. Mikhail Botvinnik, miaka 39, mhandisi wa umeme, miwani, tai iliyonyooka. Alitwaa ubingwa mwaka 1948 katika mashindano ya watu watano yaliyoandaliwa baada ya bingwa aliyekuwepo, Alekhine, kufariki na taji kubaki bila mwenyewe. Alipata pointi 14 kati ya 20 na kumwacha wa pili kwa pointi tatu nzima. Baada ya hapo hakucheza hadharani miaka mitatu, alikuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari. Huyu ni mtu ambaye alipoona moshi wa sigara unamsumbua mezani, alimwomba rafiki yake Ragozin ampulizie moshi usoni katika michezo ya mazoezi mpaka azoee.

Mbele yake akakaa David Bronstein, miaka 27, kijana kutoka Ukraine, mfupi, kipara kimeanza kumnyemelea, mtu wa kuketi dakika nyingi mbele ya ubao ambao hakuna kete iliyosogezwa bado. Baba yake alikamatwa wakati wa msako mkubwa wa Stalin na kukaa kambini miaka kadhaa. Kuna watu wanaocheza sataranji kama wanajenga nyumba, na kuna wanaoicheza kama wanapiga taarabu. Bronstein alikuwa wa taarabu.

Mchuano ulikuwa wa michezo 24. Wakitoka sare, bingwa anabaki na taji lake, kwa hiyo mgeni lazima afikishe pointi 12 na nusu. Katika mchezo wa tano Bronstein akashinda. Wa sita ukafika mwishoni, ubao karibu mtupu, Bronstein akiwa na farasi mkononi na kitunda cheusi, kete ndogo kuliko zote, kinakaribia kufika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Alikuwa na mwendo wa farasi unaomtisha mfalme na kumpa sare safi. Akawaza dakika 45, kisha akamshika mfalme wake na kumsogeza c2 (kila mraba wa ubao una jina lake, herufi na namba). Botvinnik naye akamsogeza mfalme wake hatua moja, na mchezo ukaishia palepale. Dakika 45! Nimewahi kuupanga mkao huo mezani kwangu na kumwita jirani asiyejua zaidi ya namna kete zinavyotembea. Aliupata mwendo wa farasi kabla chai haijapoa. Ukiwaza sana jambo dogo unalipita bila kuliona, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Hata hivyo Bronstein hakuvunjika. Alishinda mchezo wa 21, akashinda na wa 22, akawa mbele kwa pointi 11½ dhidi ya 10½, na michezo miwili tu imebaki. Pointi moja. Sare mbili zingemtosha.

Mchezo wa 23 ukaahirishwa Botvinnik akiwa na maaskofu wawili, Bronstein na farasi wawili. (Majina yetu haya ya kete yana vichekesho vyake. Ndugu zangu wa Kikristo huniambia askofu hawezi kushindana na farasi. Mjomba kwa upande wake alimwita mfalme *shaha*, jina lilelile tunalompa bingwa wa malenga, na nadhani yeye ndiye aliyekuwa sahihi.) Mkao ulikuwa na ubao mpana, vitunda vimetawanyika, na maaskofu wakipata uwanja mpana huwakimbiza farasi mpaka wakakosa pa kukanyaga. Lakini kushinda kulikuwa mbali bado. Zamu ilikuwa ya Botvinnik. Akaandika mwendo wake wa 42, akaufunga.

Msaidizi wake usiku ule alikuwa Salo Flohr, na hapo lazima nisimame kidogo, maana Flohr ni riwaya peke yake. Alizaliwa Ukraine, wazazi wake wakauawa katika mashambulizi dhidi ya Wayahudi, akakulia Czechoslovakia. Katika miaka ya 1930 alikuwa nyota wa Prague, sigara zinauzwa kwa jina lake. Mwaka 1933 alicheza na Botvinnik michezo 12 wakatoka 6 kwa 6. Wanazi walipoingia, Flohr akakimbilia Muungano wa Sovieti, na yule aliyekuwa mpinzani wake akawa bosi wake.

Inasimuliwa kwamba Flohr alikesha akichambua mwendo ambao kila mtu aliutarajia, wa kumrudisha askofu hadi b1. Alipekua kila njia, akajaza karatasi. Karibu na muda wa kurudi mezani Botvinnik akamwambia taratibu: Salo, mimi niliandika mwendo mwingine. Ndani ya bahasha kulikuwa na askofu wa d6. Machozi yakamlengalenga Flohr. Usiku mzima mtu amekaa akiwasha taa chumba kisicho na mgeni.

Kwa nini Botvinnik alinyamaza? Wako wanaosema alihofia siri kuvuja, Moscow wakati ule kila ukuta ulikuwa na sikio. Mimi nadhani sababu ni ya kibinadamu zaidi. Alikuwa amejua kwamba mwendo aliouandika haukuwa bora, na mtu akikosea huona aibu kumwambia hata msaidizi wake. Ningejua mimi, niliyesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Bahasha ikafunguliwa. Wakacheza. Ule mwendo dhaifu wa d6 ulimpa Bronstein nafasi ya kuokoka, lakini nafasi yenyewe ilikuwa nyembamba na hakuipata. Mwendo wa 57 Botvinnik akamsogeza mfalme wake g5, na Bronstein akatazama ubao akakuta kila kete yake ikikaa ilipo iko salama, na kila kete yake ikisogea inabomoa kitu. Sheria haikuruhusu kupitisha zamu. Alikaa hapo dakika 40, halafu akakubali kushindwa. Mchezo wa 24 wakapeana sare mapema. Pointi 12 kwa 12, kila mmoja ameshinda mara tano, na taji likabaki kwa mhandisi.

Bronstein hakupata tena kucheza mchuano wa ubingwa. Baadaye sana, alipoulizwa kama aliamriwa kupoteza, alijibu kwa mafumbo: kwamba alikuwa chini ya mashinikizo ya kila aina, lakini kukubali au kukataa kulikuwa juu yake mwenyewe. Watu wamelichambua jibu hilo kuliko mchezo wenyewe. Sina hamu ya kuongeza uchambuzi. Mtu aliyewaza dakika 45 na kumsogeza mfalme vibaya hakuhitaji kuamriwa na mtu.

Miaka miwili baadaye bahasha zikahamia Uswisi. Mashindano ya Zürich ya 1953, ya kumtafuta atakayemvaa Botvinnik, yalikusanya watu 15, kila mmoja akicheza michezo 28, kuanzia mwisho wa Agosti hadi karibu na mwisho wa Oktoba. Vasily Smyslov akashinda kwa pointi 18, nyuma yake wakafungana watatu kwa 16: Bronstein, Keres na Mmarekani Reshevsky, ambaye hakugusa kete tangu jua la Ijumaa linapotua hadi jua la Jumamosi linapotua, na ratiba ikalazimika kumzunguka. Smyslov, kwa taarifa yako, alikuwa na sauti nzito ya kuimba na aliwahi kufanya majaribio ya kuingia Bolshoi, jumba la opera la Moscow. Walimkataa. Tuwashukuru.

Ila mchezo ninaoupenda kutoka kule haukuamua chochote kuhusu nani wa kwanza. Yuri Averbakh alicheza na Aleksandr Kotov. Kotov alikuwa na kete nyeusi, na katika mwendo wa 30 akamtoa malkia wake kwa kitunda cha h3. Malkia mzima, kwa kitunda! Mfalme wa Averbakh hakuwa na hiari, akamla. Hapo ngome ikamtisha, akakimbilia g4, farasi akamtisha, akakimbilia f5, na ghafla mfalme mweupe yuko katikati ya kambi ya adui peke yake, kama bwana harusi aliyekosea nyumba.

Sasa tazama alichofanya Kotov. Alijua mfalme yule hatoki salama, lakini kwa dakika alizobakiwa nazo hakuwa na uhakika mlango uko wapi. Akaanza kumpeleka na kumrudisha: farasi f6, mfalme f5, farasi g8, mfalme g4, farasi f6 tena. Mkao uleule ukitokea mara tatu mpinzani anaweza kudai sare, kwa hiyo katikati ya kwenda na kurudi farasi akapitia d5, akala kitunda, hesabu ikaanza upya. Alikuwa ananunua muda, mwendo kwa mwendo, mpaka avuke wa 40 na saa zisimamishwe na usiku umwokoe. Na usiku ukamwokoa. Mchezo uliporudi ulikwisha kwenye mwendo wa 51, na Kotov akapewa tuzo ya uzuri. Averbakh, ambaye jina lake linatajwa kila mchezo huu unapotajwa, aliishi hadi 2022, akavuka miaka 100. Miaka karibu 70 ya kuulizwa habari za mfalme wake. Inahitaji subira ya pekee.

Zürich alikuwepo pia Miguel Najdorf wa Argentina, mtu wa kelele na vicheko, asiyeweza kukaa kitini mchezo mzima. Alizunguka meza kwa meza akiuliza watu wanaonaje mkao wake. Chini ya kelele hizo kulikuwa na jambo lingine. Mwaka 1939 alikuwa Mpolandi, jina lake Mieczysław, amesafiri kwa meli hadi Buenos Aires kuchezea taifa lake katika Olimpiadi ya sataranji. Mashindano yakiendelea, tarehe 1 Septemba, Ujerumani ikaivamia Poland. Baadhi ya timu zikakataa kukaa meza moja, mechi zikahesabiwa sare bila kuchezwa. Mashindano yakaisha, wachezaji wengi hawakuwa na pa kurudi. Najdorf akabaki. Mke wake, mtoto wake wa kike, wazazi wake na ndugu zake walikuwa Poland.

Hakupata habari. Akabuni njia ya kupeleka habari yeye: atafanya jambo kubwa kiasi kwamba magazeti ya dunia nzima yatalazimika kuliandika, na kama kuna mtu wake mahali fulani anayesoma gazeti, atajua kwamba yu hai na yuko wapi. Mwaka 1947, São Paulo, akacheza na watu 45 kwa wakati mmoja bila kuutazama ubao hata mmoja. Yeye chumba kimoja, mbao chumba kingine, mtu anamsomea mwendo, anajibu kwa mdomo. Karibu saa 24. Alishinda 39, akatoka sare 4, akapoteza 2. Rekodi ya dunia, na iliandikwa kweli.

Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameuawa wote.

Nikisoma habari zake huwa narudi kwenye namba hiyo, 45. Mbao 45 ni kete 1,440 mwanzoni, na mtu amezibeba zote kichwani kama anayebeba mzigo wa nyumba nzima kwa sababu hajui ni kitu gani atakachoulizwa. Baada ya hapo alioa tena, akapata mabinti, akafanya biashara ya bima, akacheza sataranji hadi uzeeni. Kelele zile za Zürich tangu nilipojua haya sizisikii vilevile.

Nirudi kwenye usiku. Mwaka 1962 una nyusiku mbili, na katika zote mbili yumo mtu mmoja.

Wa kwanza ni Curaçao, kisiwa cha Karibiani, joto na upepo wa bahari, watu wanane wakitafuta nani atamvaa Botvinnik. Ratiba ilikuwa michezo 28 kwa kila mmoja. Tal aliugua figo akajitoa. Wasovieti watatu, Petrosian, Geller na Keres, wakatoka sare michezo yao yote 12 waliyokutana wao kwa wao, jambo ambalo Mmarekani Bobby Fischer, miaka 19, hakulisamehe. Akalipigia kelele magazetini kwamba Wasovieti wanapanga matokeo. Ukitaka kujua kama alikuwa sahihi, sare 12 kati ya 12 zinajieleza.

Paul Keres wa Estonia ndiye ninayemwonea huruma. Mungwana, mtaratibu, na kila mara wa pili. Katika mashindano ya aina hii, mwaka 1953 wa pili kwa kufungana, 1956 wa pili, 1959 wa pili. Sasa mbio zinaelekea ukingoni na yeye na Petrosian wako sambamba, na raundi ya kabla ya mwisho anacheza na Pal Benko, ambaye Keres amekwisha kumfunga mara zote walizokutana katika mashindano yaleyale. Mchezo ukaahirishwa, Benko yuko vizuri. Benko alisimulia baadaye kwamba usiku ule aligongewa mlango wa hoteli. Nje walisimama Petrosian na Efim Geller. Walikuja kumsaidia kuuchambua mchezo, dhidi ya Msovieti mwenzao. Benko anasema aliwafukuza. Kesho yake akashinda mwenyewe.

Mwisho wa yote: Petrosian 17½, Keres 17, Geller 17. Nusu pointi. Keres hakuwahi kucheza mchuano wa ubingwa wa dunia maishani mwake. Alipofariki mwaka 1975 watu wa Tallinn walijaa barabarani kumzika, na Estonia ilipopata tena fedha yake uso wake ukawekwa kwenye noti ya krooni 5. Sijui nchi nyingine iliyomweka mshindi wa pili kwenye fedha.

Usiku wa pili ni Varna, Bulgaria, miezi michache tu baadaye, Olimpiadi. Fischer na Botvinnik, mara yao ya kwanza na ya mwisho kukaa meza moja. Botvinnik, bingwa, miaka 51, alikuwa ameandaa njia yake nyumbani kwa utulivu wa kihandisi. Fischer akacheza mwendo wa malkia ambao maandalizi yale hayakuuona, akala kitunda. Mchezo ukaahirishwa Fischer akiwa juu, mkao wa ngome na vitunda, na karibu kila mtu alijua Botvinnik amekwisha.

Timu nzima ya Sovieti ikakesha. Aliyelipata jibu, njia ya ajabu ya kuachia kitunda kingine upande mmoja ili vitunda vyake viwili vya upande wa pili vitembee, alikuwa Geller. Naam, yuleyule wa mlangoni kwa Benko. Sipati namna ya kumweka upande mmoja mtu huyu. Katika mwaka mmoja, usiku mmoja kakesha kwa ajili ya jambo ambalo asingependa lisimuliwe, usiku mwingine kakesha akaokoa mchezo ambao hakuna aliyeamini unaokoleka, na kipaji ni kilekile. Ubaoni walitoka sare. Kwa simulizi ya Botvinnik, Fischer alipauka, akampa mkono, akaondoka na machozi.

Wala hawakuishia hapo. Miaka ilipopita Fischer akachapisha uchambuzi kuonyesha kwamba angeweza kushinda. Botvinnik akaupinga. Akawapa swali hilo wanafunzi wake, na mmoja wao, mtoto wa miaka 13 kutoka Baku aitwaye Garry Kasparov, akaleta jibu la kuitetea sare. Mchezo mmoja ulioahirishwa ukazaa mabishano ya miaka 15.

Kilichoua bahasha kila mtu anakijua. Kufikia miaka ya 1990 kompyuta zilikuwa na nguvu kiasi kwamba kuahirisha mchezo kulimaanisha kwenda kuuliza mashine. Wakaubana muda, mchezo ukawa unaanza na kuisha siku hiyohiyo. Kinachonichekesha ni kwamba wale wawili wa 1951 wote walikwenda upande wa mashine kwa hiari. Botvinnik alitumia miaka yake mingi ya mwisho akijaribu kuunda programu inayowaza kama mchezaji bora. Alishindwa, maana mashine hazikupenda kuwaza kama yeye. Bronstein naye katika uzee wake alikuwa mgeni wa kila mwaka wa mashindano ya watu dhidi ya kompyuta The Hague, akicheka kama mtoto, akizitega kwa mitego ya zamani ambayo vijana waliokuwa wakubwa kuliko yeye kwa viwango hawakuthubutu kuijaribu. Alifariki Minsk mwaka 2006.

Wiki iliyopita niliupanga mchezo wa 23, mkao wa mwendo wa 42, kwenye ubao wa mjomba. Ubao ni uleule. Kitunda kimoja cheusi kilipotea zamani na nafasi yake imeshikwa na kifuniko cha soda. Nikauingiza mkao pia kwenye simu. Simu ikanijibu kabla sijakaa vizuri kitini. Nikaizima, nikaendelea kutazama mwenyewe hadi saa saba usiku, nikaenda kulala bila jibu. Ubao nikauacha mezani.

Asubuhi nikamkuta binti yangu amesimama mbele yake, kitambaa mkononi.

"Baba, hivi nivitoe?"

"Pangusa kandokando, mama. Kandokando tu."